Mjane Mwenye Mke

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na mimi nilisoma gumbaru, masomo ya watu wazima, miaka miwili tu, saa za alasiri, duka likiwa limefungwa. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na elimu ya kunibeba. Kusoma nilijifunza nikiwa na mvi. Wenzangu wa rika walikuwa wameanza kushika fimbo za kutembelea wakati mimi naanza kushika kalamu. Lakini fomu ile niliijaza mwenyewe, na barua zote zilizofuata niliziandika mwenyewe, na wakili aliyetaka kunifundisha uongo nilimwacha ofisini kwake na chai yake.

Kijana wangu ndiye aliyeituma. Alikuwa ng'ambo, katika nchi ya baridi ambayo sitaitaja kwa sababu haikunikosea. Alikwenda kusoma, akamaliza, akapata kazi, akaoa, akapewa karatasi za kuishi huko siku zote. Akapata watoto wawili ambao nilikuwa nawaona kwa picha tu, wamevikwa makoti mpaka shingo hazionekani. Akaniandikia: Mwaitu, huku sheria inamruhusu mtu kumleta mama yake akaishi naye, si kutembea na kurudi, ni kukaa kabisa. Mwaitu ni mama kwa Kikamba chetu. Alisema nimefanya kazi ya kutosha hapa Mutomo, niende wajukuu wanijue kabla macho yangu hayajaisha.

Nieleweke. Sikuwa na njaa. Nilianza kwa kusokota kamba za katani pajani, kamba zikanunua mbuzi, mbuzi wakanunua mbuzi wengine, na hao wakanijengea duka la mawe lenye milango miwili. Hakuna mtu wa kusema alinishika mkono. Sikuwa natafuta wa kuniokoa. Nilitaka wale watoto wanijue nikiwa hai, basi.

Mwalimu wa gumbaru alikuwa mwanamke mtulivu wa shule ya msingi, mchana anafundisha watoto, baadaye anatufundisha sisi. Tuliketi naye dukani Jumamosi tatu mfululizo. Yeye alisoma Kiingereza akanigeuzia Kiswahili, mimi nikajibu, akaniandikia jibu kwa Kiingereza pembeni ya gazeti, mimi nikalinakili kwenye fomu. Alitaka aandike yeye ili tumalize upesi. Nikamwambia mkono uliosokota kamba ni huu, na utakaoandika ni huu.

Tulikwenda vizuri mpaka mahali pa ndoa. Mwalimu akasoma: hujaoa wala kuolewa, una ndoa, mjane, mmeachana, weka alama mahali pamoja tu. Nikaweka kwenye mjane. Chini yake pakaulizwa jina la mume au mke. Nikaandika jina la mke wangu.

Mwalimu alisoma tena nilichoandika. Kisha akasema labda hapo tungeacha wazi.

"Wameuliza nini?" nikamwambia.

"Wameuliza mume au mke."

"Mume amekufa. Mke yuko hapo nyuma anachagua ndengu. Sasa niache wazi kwa nini?"

Akageuza ukurasa, maana naye ni Mkamba kama mimi. Tukafunga bahasha, tukatia na cheti cha kuzaliwa cha kijana, nikapeleka posta.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, itabidi nirudi nyuma.

Niliolewa wakati wa mkoloni na mtu mwema asiye na maneno mengi. Tulikaa miaka minane bila mtoto, kisha akafa kwa homa, Uhuru ukiwa bado. Baada ya mazishi ndugu zake wawili walikuja wakakalia viti vyangu, wakaniambia kwa sauti ya upole kwamba shamba limebaki bila mwenyewe na ingefaa nirudi kwa baba yangu. Niliwapa uji wakanywa. Nikawaambia waje tuzungumze baada ya mavuno. Walipokuja baada ya mavuno walikuta nimeoa.

Desturi hii iko kwetu toka zamani. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isifutike. Anatoa mbuzi kama vile mwanamume anavyotoa. Mbuzi watatu wa kwanza tunawaita ntheo, na hao ndio ndoa yenyewe. Bila hao mnaweza mkakaa pamoja miaka thelathini na wazee wakasema hamjaoana. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa nyumba iliyotoa mbuzi, na wanaitwa kwa jina la mume wa nyumba ile, hata kama mume yuko kaburini. Mwanamume aliyesaidia kuwaleta duniani haulizwi kitu. Na kwa wale ambao wameshaanza kucheka kichinichini, mimi na mke wangu hatukulala kitanda kimoja hata siku moja. Yeye alikuwa na nyumba yake, mimi yangu, jiko likawa moja.

Alitoka upande wa Kathonzweni, ng'ambo ya pili ya mto Athi. Mbuzi niliwaswaga mwenyewe pamoja na wazee wawili wa ukoo wa marehemu, tukavuka maji yakiwa ya magoti. Kule kwao dume likachinjwa, wazee wa pande zote wakala, na mimi nikakaa mahali anapokaa bwana arusi, nikiwa na leso yangu kichwani. Wengine walitazama pembeni. Nilikula nikashiba.

Kijana akazaliwa Uhuru ukiwa umeshapatikana, miaka mitatu baada ya mume wangu kuzikwa. Alizaliwa hospitali ya misheni. Mkunga akamwuliza aliyekuwa kitandani jina lake, akaliandika: mama. Hakukosea, aliandika alichokiona. Lakini shuleni nilimwandikisha mimi. Kadi zake zote za shule ziliandikwa mimi ndiye mama. Mke wangu alimwita Mama, mimi aliniita Mwaitu, na ukimwuliza yeye ni mtoto wa nani alitaja nyumba yangu. Kwa hiyo alipojaza karatasi zake za kukaa ng'ambo, palipoulizwa mama aliandika jina langu, bila kufikiri mara mbili.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Mwalimu alisoma barua akiwa amesimama, na alipofika katikati akaketi. Wale watu walikuwa wameona mambo matatu. La kwanza, cheti kinamtaja mama mwingine. La pili, baba aliyetajwa alikufa miaka mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. La tatu, mwombaji anasema ni mjane na papo hapo ana mke; tafadhali aeleze. Walitaka ushahidi ndani ya siku tisini. Na mwishoni kulikuwa na mstari ambao mwalimu aliusoma mara mbili kwa sababu nilimwambia arudie. Ulisema nisipothibitisha kwamba mimi ni mama, ombi langu litafungwa na faili la kijana nalo litafunguliwa upya, kwa kuwa huenda alitoa habari za uongo.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ombi langu wangelitupa tu, ningebaki na duka langu. Lakini kijana alikuwa na mke na watoto kule, na kazi, na nyumba aliyokuwa hajamaliza kuilipia. Walikuwa wanaweza kumng'oa na mizizi yake, kwa sababu ya mimi kuandika ukweli kwenye kisanduku.

Kijana naye alipata barua yake. Akanitumia ujumbe niende kwa wakili fulani Nairobi, mtu anayezijua karatasi hizo. Nikaenda, na mke wangu nikamchukua, maana jambo lilikuwa lake pia. Alivaa viatu vya kanisani vilivyokuwa vinamwumiza, akakaa navyo toka asubuhi bila kusema.

Wakili alikuwa kijana mwenye adabu. Alituagizia chai. Alisoma barua, akasoma cheti, akasema mambo haya ni mepesi kabisa. Tutakula kiapo kwamba mimi ndiye niliyejifungua, na kwamba mkunga aliandika kwa makosa jina la mtu aliyenisindikiza hospitali. Tutaomba cheti kipya. Kifo cha mume tutakisogeza mbele kidogo. Alisema hivyo kama mtu anayesogeza kiti.

"Na huyu?" nikamwuliza, nikimwonyesha mke wangu.

"Huyu ni mfanyakazi wako wa nyumbani, mama. Alikusindikiza. Nani atajua?"

Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. "Aandike hivyo," akasema. "Kijana asirudishwe."

"Unaona," wakili akaniambia, "hata yeye ameelewa."

Nikakusanya karatasi zangu moja moja. Nikamwambia huyu mwanamke nilimtolea mbuzi mbele ya watu, na mfanyakazi hatolewi mbuzi. Wakili hakukasirika. Alinifuata mpaka mlangoni akaniambia jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa kulisema wazi. "Mama, bila wakili watu hawa watakumaliza. Na utakayemponza ni mtoto."

Tulikaa kwenye hoteli ndogo karibu na stendi tukingoja basi la Kitui. Mke wangu alikuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza. Mandazi hakugusa.

"Mwaitu, hicho ni kiburi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni kiburi.

"Kiburi chako kitamla mtoto wangu."

Miaka ile yote, zaidi ya ishirini na mitano, sikuwahi kumsikia akisema mtoto wangu. Alisema kijana, au kwa utani alisema mtoto wa nyumba kubwa. Tulitazamana, na nadhani yeye alishtuka kuliko mimi. Nilitaka kumgombeza, na sikuweza.

Mwishowe nilimweleza nilivyoona mimi, mambo ya akili tu. Cheti cha hospitali kiko mikononi mwao tayari. Daftari la misheni liko, na limeandikwa jina lake. Tukiapa uongo, siku watakapofungua daftari lile kijana atakuwa ameshikwa mara mbili, na safari hiyo hatakuwa na la kusema. Lakini ntheo ililiwa na watu. Tutafute watu. Akanisikiliza, akavaa kiatu, akasema, "Watu gani? Wamekufa."

Alikuwa amesema kweli. Wale wazee wawili niliovuka nao mto walikuwa udongoni. Baba yake alikuwa udongoni. Tulihesabu kwa vidole, kichwa kwa kichwa, wote waliokula siku ile, na tukabaki na mmoja: kaka yake mkubwa, aliyekuwa amehamia Nunguni, juu kule kwenye baridi na kabichi. Naye alikuwa ameokoka, tena mzee wa kanisa, na toka aokoke alikuwa hataki kusikia habari ya dada yake aliyeolewa na mwanamke.

Kanisa nalijua mimi. Mwaka niliooa walinitoa kwenye meza ya Bwana, nikakaa benchi la nyuma miaka saba na sikukosa Jumapili hata moja. Waliponirudisha walisema nimetubu. Sikuwa nimetubu. Walichoka tu. Kwa jambo hili nilimwomba mchungaji wetu barua, akasema ataiombea, na kwa lugha ya mchungaji wetu hiyo ni hapana.

Tukapanda Nunguni. Tulimkuta kaka amesimama pembeni ya lori, watu wake wanapakia kabichi. Aliponiona akaniita shemeji, kwa mazoea, kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyetukana mbele ya watoto. Dada yake akamsalimia. Aliitikia akiangalia kabichi. Akatuingiza nyumbani, kwa maana Mkamba hawezi kukuacha barabarani hata kama amekukasirikia, na mkewe akatuletea uji.

Nikamweleza yote. Kijana, barua, siku zilizobaki. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema anamwonea kijana huruma lakini hawezi. Ameokoka. Kushuhudia karamu ile ni kuishuhudia kazi ya giza. Watu wa kanisa wakisikia atawaambia nini?

"Sijakuomba uisifu," nikamwambia. "Nakuuliza ulikula au hukula?"

"Shemeji, hayo yalikuwa zamani."

"Kama hukula, chukua kalamu uandike hukula, mimi nitashuka niende zangu. Ulikula?"

Alizungusha kikombe. "Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Ini," akasema, polepole sana.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu. Akacheka mpaka akakiweka chini. "Miaka yote hii unaniambia hukuonja," akasema. "Kumbe ini."

"Nilikuwa kijana," akajitetea, na hata dada yake akaficha mdomo kwa leso.

Kicheko kile kilimlegeza. Akasema ataandika, lakini kwa sharti moja, aandike pia kwamba yeye sasa hakubaliani na jambo lile. Mke wangu akanitazama kwa wasiwasi. Mimi nikamwambia aandike, tena kwa herufi kubwa akitaka. Akachukua karatasi ya daftari lake la kabichi, akaandika kwamba mwaka fulani, mahali fulani, mbele ya fulani na fulani ambao wamekufa, alikula mbuzi wa ntheo ambao dada yake alitolewa na mwanamke huyu. Kwamba sasa ameokoka na anaona jambo lile halifai mbele ya Mungu. Na kwamba, hata hivyo, lilitendeka. Akatia sahihi. Tulipoondoka alimjazia dada yake kiondo kwa kabichi mpaka kikawa hakibebeki, bado hamwangalii usoni.

Chifu wa kwetu hakunisumbua. Aliandika barua kwamba ananijua, anamjua mke wangu, na kwamba kijana ni wa nyumba yangu. Hakimu wa Kitui alitusikiliza tukila kiapo, akatia muhuri bila kuinua macho, kesi za watu wengine zikimngoja. Kisha nikakaa nikaandika barua yangu mwenyewe.

Niliiandika kwa Kiswahili. Mwalimu aliuliza kama ageuze kwa Kiingereza. Nikasema hapana, wao ndio wenye watu wa kutafsiri, nao wanalipwa. Niliandika siku nne. Nilieleza kama nilivyowaeleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Nilisema: sikumzaa, na sijawahi kusema nilimzaa. Mmeuliza mama yake ni nani, mkafikiri mmeuliza ni nani alijifungua. Kwetu hayo ni maswali mawili. Kijana alijibu swali mlilouliza. Kama kuna kosa, ni la fomu yenu kuwa na nafasi moja, na mimi sikuichapa. Mwalimu alisema sentensi ile ya mwisho ni kali. Nikaiacha.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Nilipeleka bahasha mwenyewe Nairobi, kwenye ubalozi wao, nikadai karatasi ya kuonyesha wameipokea. Baadaye tukaitwa kwa mahojiano, mimi na mke wangu wote wawili.

Chumba kilikuwa kidogo. Ofisa alikuwa mzungu, mwanamke wa umri wangu hivi, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umening'inia kifuani. Pembeni palikuwa na mkalimani, kijana wa Kikenya mwenye tai. Swali la kwanza lilikuwa kama ni kweli nilimwoa huyu mwanamke, na mkalimani alipoligeuza kicheko kilimponyoka kidogo.

"Wewe tafsiri," nikamwambia. "Kucheka utacheka nyumbani."

Ofisa akauliza nimesema nini. Mkalimani akatafsiri, sijui vipi, lakini toka hapo hakucheka tena.

Waliniuliza maswali mengi. Nani alimlipia kijana shule, nani alimpeleka hospitali alipovunjika mkono, alivunjika mkono upi. Mume alikufa lini. Kwa nini mtoto anaitwa kwa jina la mtu aliyekuwa amezikwa. Nikajibu kila moja bila kuzunguka. Kisha ofisa akaisogeza karatasi ya kaka, ile ya daftari la kabichi, akauliza kama ni kweli mtu huyu anaipinga ndoa hii. Nikamwambia anaipinga kiasi cha kutomwangalia dada yake usoni. Akaandika kitu. Mkalimani alituambia baadaye, tukitoka, kwamba karatasi ile ndiyo ilimfanya mama yule atuamini. Mashahidi wengine wote anaowaona wanapenda sana wanachokishuhudia.

Halafu akamgeukia mke wangu.

Mkalimani akasema, "Anauliza, mtoto huyu ni wako au ni wa huyu?"

Niliiangalia mikono ya mke wangu. Ilikuwa imeshika mkoba wake kama mtu aliyeshika kuku asiponyoke. Na pale, mbele ya wageni, ndipo nilipogundua kwamba swali lile mimi sikuwahi kumwuliza. Nilitoa mbuzi, wazee wakala, nikamchukua, na nikaona limekwisha. Kama angesema ni wake, angekuwa na haki, na mimi ningekuwa nimemponza kijana kwa mdomo wangu na kwa fomu yangu.

"Nilimzaa mimi," akasema. "Nilimnyonyesha mimi. Lakini kama huyu hangetoa mbuzi, mimi ningeolewa kwingine, na kijana huyu hangekuwako. Andika mama yake ni huyu." Mkalimani akaanza kutafsiri, naye akamzuia kwa kiganja. "Sijamaliza. Mwambie na mimi aniandike mahali. Asiniache nje."

Ofisa aliandika kwa muda mrefu. Hakusema neno la kutupa moyo. Akatushukuru, tukatoka.

Barua ya pili ilikuja mvua za mwezi wa kumi na moja zikiwa zimeanza, mashamba yote watu wameinama. Nilimwita mwalimu, nikamwambia asome mstari wa mwisho kwanza. Nilikuwa nimekubaliwa. Faili la kijana halikuguswa. Baadaye akarudi mwanzo akasoma taratibu. Waliandika kwamba wamenikubali kuwa mama kwa desturi ya watu wangu, na kwamba mama aliyemzaa ni fulani, wakalitaja jina la mke wangu lote, la ubatizo na la baba yake.

Mke wangu hakwenda gumbaru, alisema macho yake ni ya ndengu. Akauliza jina lake liko wapi. Mwalimu akamwonyesha. Akaweka kidole, akakipeleka mpaka mwisho wa jina.

"Yote hii ni mimi?"

"Yote," nikamwambia.

Aliitaka ile barua. Mimi niliihitaji kwa safari, kwa hiyo tukaenda Kitui mjini tukatoa fotokopi, akaikunja akaiweka katika sanduku la nguo zake. Wakili sikumrudia kumwonyesha. Nilitaka sana, lakini siku ya kupanda ndege hapakuwa na nafasi.

Nimekaa kule miaka kadhaa sasa. Baridi yao ni ya kweli, sitawadanganya, na nyama yao haina ladha. Wajukuu wananiita Mwaitu na mkubwa anajua kusokota kamba. Kule hakuna katani, tunatumia uzi wa sufu. Kila baada ya muda narudi Mutomo kukagua duka, ambalo mke wangu analiendesha vizuri kuliko nilivyoliendesha mimi. Hilo simwambii.

Safari hii nimekuja na fomu nyingine. Mtu mwenye karatasi za kukaa kule anaweza kumwombea mwenzake wa ndoa. Kijana alinisihi kabla sijaondoka. Alisema, Mwaitu, mwite rafiki, mwite dada, umwalike atembee tu wiki sita, tutapumua. Mwalimu amestaafu lakini alikuja na miwani yake, tukaketi pale pale dukani. Palipoulizwa uhusiano nikaandika mke. Pembeni nikaongeza kwamba jina lake wanalo katika faili langu la kwanza, walitafute.

Mke wangu alikuwa nyuma akipima maharagwe. Akasema kwa sauti kwamba tunajisumbua, yeye haendi mahali ambapo mtu anavaa koti ndani ya nyumba, na mbuzi watabaki na nani.

"Kwanza wao wakubali," nikamwambia. "Kukataa utakataa mwenyewe."